Hakimu Anayetazama Mikono

Vijana wangu, kazi ya ukalimani wa ishara huanza siku ile unapokwama. Kabla ya hapo unapunga mikono tu. Mimi nilikwama kabisa mbele ya zaburi, yale mashairi ya kale ya Waebrania, pale yanapoeleza ukuu wa Mungu na hukumu yake. Na kwa kuwa ninyi mnaokuja kujifunza kwangu hapa mtaa wa Mutanga Nord mnalalamika kwamba nawakatiza mikono ikiwa bado hewani, nawaambia "rudia, sijaona kitu," leo nitawasimulia nilikoupata ukali huo. Wewe wa dirishani, sogea kwanza. Mwanga unakupiga kwa nyuma na uso wako hauonekani. Uso ukipotea, nusu ya maneno imepotea.

Mnanijua kama Mama Zuhura, mstaafu mwenye magoti mabovu. Zamani nilikuwa mtoto wa fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, na mdogo wangu Mariamu alizaliwa hasikii. Nyumbani hakuna aliyewahi kufundishwa ishara. Tulizitunga wenyewe, baba kwa mikono ya grisi, mama kwa mikono ya unga. Ishara ya baba ya kusema "tulia" ilikuwa ile ya kukaza nati, na mpaka leo Mariamu akitaka kunituliza ananikaza nati begani. Nilipokuja kujifunza lugha ya ishara yenyewe, ile ya shule, nilikuwa nimeshazoea kumtazama mtu usoni mpaka amalize. Hicho ndicho kipaji pekee nilichokuwa nacho. Mengine nilifundishwa.

Nimekuwa mkalimani hospitalini, harusini, polisi, mahakamani, misikitini na makanisani. Nimewakalimania watu wakiposana na watu wakiachana, mara moja watu walewale. Lakini kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya zaburi. Makanisa kadhaa ya mjini yalikubaliana kuziweka katika vidiyo kwa ajili ya viziwi, maana wengi wao maandishi yanawapa shida. Maandishi ni sauti iliyochorwa, na sauti wenyewe hawaijui. Wakanitafuta. Kaka yangu akaniuliza, "We mwislamu, kule unaenda kufanya nini?" Nikamwambia Zaburi aliteremshiwa Nabii Daudi, na Daudi ni wetu pia, na zaidi ya hapo mikono yangu haijawahi kuulizwa inasali wapi. Akacheka, tukayaacha hapo.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha juu huko Rohero, chini yetu duka la vitenge. Mwalimu Ferdinandi alikuwa amefundisha Kiebrania miaka mingi kwa wanaosomea uchungaji. Mtu mrefu, mpole, anayesahau chai yake mpaka ipoe. Nestori alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, seremala wa viti na vitanda, mwenye mikono ambayo viziwi wote wa mji walipenda kuitazama kama sisi tunavyopenda sauti ya mtu fulani redioni. Na mimi katikati. Mwalimu alisoma Kiebrania, akaeleza kwa Kiswahili na Kifaransa. Mimi nikampa Nestori maana. Nestori akafumba macho, akafikiri, kisha akaionyesha kwa ishara za kiziwi anayeongea na kiziwi mwenzake, si zangu za darasani. Halafu nikamwambia Mwalimu kwa sauti kile ninachokiona, bila kuongeza. Kama kilichorudi si kile kilichoenda, tulianza upya.

Maneno ya Nestori nitakayowaambia hapa nayaweka katika Kiswahili cha Buyenzi, kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyokuwa ikiongea kichwani mwangu. Haikuwa mikono ya kitabu.

Tulianza vibaya. Shairi lilisema Mungu ni mwamba. Mimi nikafunga ngumi, nikaonyesha jiwe kama tulivyozoea, lile la kuokota. Nestori akanitazama kwa huruma.

"Mungu," akauliza, "ni nani anamurusha?"

Mwalimu alipoelezwa swali hilo alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba mwamba katika nchi ile ni mkubwa kuliko nyumba, mtu anakimbizwa na maadui anaingia nyuma yake, jua halimpati, mkuki haumpati. Basi Nestori akaliacha jiwe kabisa. Akaonyesha mtu anayekimbia, anahema, anabana mgongo kwenye kitu kikubwa, na mabega yanashuka. Hayo mabega yakishuka, umeshauona mwamba.

Tukafika kwenye kiti cha enzi. Nestori aliuliza ni cha mbao gani, na kama kina mikono. Hakuwa akifanya mzaha, viti ndiyo kazi yake. Mwalimu akasema mshairi hakueleza mbao. Alieleza mawingu na giza nene limekizunguka kiti, na haki na uadilifu vikiwa ndiyo msingi wake, ndiyo miguu kinachosimamia. Nestori akaridhika na miguu. Kiti ambacho miguu yake ni haki hakiwezi kuyumba, akasema, na yeye ametengeneza vingi vinavyoyumba. Lakini kukionyesha kilimshinda. Akikuza kiti kwa mikono kinakuwa kitanda. Akikipandisha juu kinakuwa ngazi. Mwishowe alikiacha kiti pale mahali pake, hakukigusa, akaonyesha waliokizunguka: shingo zinainuka, macho yanapanda, yanapanda tena, yanafika mahali hayawezi, yanashuka. Shikeni hilo. Ukitaka kuonyesha mkubwa, usijitanue wewe. Onyesha shingo za wanaomtazama.

Ngurumo ndiyo iliyotupeleka nje ya chumba. Kuna shairi ambalo sauti ya Mungu inatembea: inaanzia juu ya maji mengi, inapanda milimani inavunja miti mikubwa vipandevipande, inatikisa jangwa, inauacha msitu uchi. Sauti, sauti, sauti, shairi zima. Na mimi nimeketi na mtu ambaye hajawahi kusikia mlango ukifungwa. Nilijaribu kuonyesha sikio. Nestori akasema, "Sikio ni lako. Usinipe kitu yako."

Mwalimu Ferdinandi alikaa Gihosha, nyumba ya mlimani yenye baraza linalotazama mji wote na ziwa. Akatualika mchana mmoja wa masika alipoona mawingu yanajikusanya upande wa Kongo. Tukaketi barazani tukaitazama mvua ikitoka milima ya Uvira. Ilishuka kwenye maji, ziwa likageuka jeusi, ikavuka, ikaufunika mji wa chini kartiye baada ya kartiye, mtaa kwa mtaa, mipapai ikalala, mabati yakaanza kupigapiga, halafu ikatupanda sisi. Mwalimu akanyoosha kidole akifuata njia ya mvua. "Mshairi alikuwa amekaa kama sisi," akasema. "Aliiona ikitoka baharini. Hakutunga akiwa amefunga dirisha."

Nestori hakuwa akimtazama. Alikuwa amesimama kwenye lango la chuma, kiganja kimoja kwenye bati, kingine kifuani. Radi ilipopiga karibu, nilimwona akishtuka kabla sijaisikia vizuri. Akageuka, uso umelowa.

"Inaingia hapa," akasema, akigonga kifua. "Inapita kwa mifupa. Kumbe ninyi inawapita kwa sikio tu?"

Siku iliyofuata alitupa ngurumo yake. Haikuwa na sikio. Ilianza kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikatikisa mbavu, kisha mikono ikawa miti na miti ikapasuka. Msichana aliyeletwa kuturekodi alisimamisha kamera akasahau kuiwasha tena.

Na milima inayoyeyuka kama nta, hiyo ilikuwa rahisi. Nani hapa hajui mshumaa, umeme wetu ukiwa jinsi ulivyo. Alisimamisha ngumi kuwa mlima, akaviachia vidole kimoja kimoja, polepole, mpaka mlima ukawa kiganja kimelala. Mwalimu alisema ameusoma mstari ule maisha yake yote na sasa ameuogopa.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yanaenda. Mimi nilishaanza kuamini hakuna picha itakayotushinda. Ndipo tukafika kwenye shairi la hukumu.

Shairi lenyewe ni la furaha. Bahari inavuma na vilivyomo, milima inaimba pamoja, mito inapiga makofi. Kwa nini? Kwa sababu Mungu anakuja kuihukumu dunia. Nikampa Nestori hayo yote. Kwa neno "hukumu" nikatumia ishara ya viziwi wa hapa mjini: ngumi inagonga kiganja kama muhuri, halafu mikono miwili inasukuma mbele, nenda zako. Kila mtu anaijua. Wameipata kwenye maofisi.

Nestori aliitazama mikono yangu. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Mto gani," akauliza, "utafurahia muhuri?"

Nikamwambia Mwalimu. Mwalimu akaanza kueleza, lakini Nestori alikuwa ameshainuka.

"Mi hii siifanyi. Mutafute mutu mwingine."

Na hapo, akiwa amesimama mlangoni, akatueleza jambo ambalo sisi wawili hatukulijua. Baba yake alikuwa na parseli, yaani kiwanja, Gihosha, nyumba upande mmoja na karakana upande mwingine, ile karakana ambamo Nestori alijifunzia useremala. Baba alipofariki, kaka yake Damasi, wa mama mwingine, alidai parseli yote. Walikulia nyumba mbili tofauti, na Damasi hakuwahi kujifunza ishara zaidi ya "kula" na "njoo." Kesi ikaenda mbele ya hakimu. Mkalimani hakuwepo.

"Hakimu akasema na Damasi. Damasi akasema na hakimu. Midomo, midomo. Mi niliangalia. Halafu wote wakanigeukia, wakatikisa kichwa hivi. Nikatikisa na mi. Sikujua nimekubali nini. Wakapiga muhuri. Nikatoka na misumeno yangu."

Akashuka ngazi. Hakurudi kesho yake wala wiki iliyofuata.

Waliotupa kazi walianza kuuliza. Mmoja alipendekeza, kwa nia njema, nisimame mimi mbele ya kamera nimalize. Nikamwambia kiziwi akiona mikono yangu atajua papo hapo kwamba ni mgeni anayejua lugha vizuri. Vijana, hata mkiwa hodari namna gani, mtabaki wageni waliokaribishwa. Kaeni kama wageni.

Mwalimu Ferdinandi alishinda mezani siku zile. Alifungua vitabu vyake, akavifunga. Asubuhi moja akaniambia, "Mama Zuhura, twende tukamtazame."

Nestori alikuwa amekodi kona katika karakana ya mtu mwingine, kandokando ya barabara inayopanda Gihosha, vumbi la magari linaingia kwenye vanishi. Alikuwa akipiga randa mbao ya mlango. Alituona, akaendelea mpaka mwisho wa mbao, akaiweka randa chini. Alituletea kigoda kimoja, akampa Mwalimu. Mimi nikaketi juu ya magogo.

Mwalimu hakuanza na Kiebrania. Alisema, "Mwambie nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa nafundisha neno lile kama mtu ambaye hajawahi kushindwa kesi." Nestori akaitika kwa kichwa. Kisha Mwalimu akaendelea, polepole, akisimama kila baada ya sentensi kunipisha, jambo ambalo wasomi wachache wanalikumbuka.

"Watu walioimba shairi hili, wengi walikuwa wamedhulumiwa. Mjane ambaye shamba lake limesogezwa mpaka. Yatima asiye na wa kumsemea. Mahakimu wao walikuwa wakimtazama tajiri tu. Kuna shairi lingine kabisa ambamo Mungu anasimama katikati ya mahakimu anawauliza mtahukumu kwa udhalimu mpaka lini. Kwa hiyo watu hawa walikuwa wanamngoja hakimu. Wanamngoja kama sisi tunavyongoja mvua baada ya kiangazi. Akija, kuna mtu atakayewasikiliza."

Nilipofika kwenye neno hilo la mwisho Nestori akaninyanyulia kidole.

"Asinisikilize. Mi nitamupa nini asikie? Aangalie."

Nikamfikishia Mwalimu. Akasema, "Ndiyo. Aangalie. Na hukumu yake, shairi linasema ataitoa kwa unyoofu. Neno lile kwa Kiebrania ni la kitu kilichonyooka, kilicho sawa, kama njia isiyo na bonde wala kilima."

Nestori akageuka, akachukua nivo yake, ile rula ya mafundi yenye tone la hewa ndani ya maji, akailaza juu ya mbao aliyokuwa akiipiga randa. Tone likaenda pembeni. Akachomeka kipande chembamba cha mti chini ya upande mmoja, akasukuma kidogo, akasukuma tena. Tone likatulia katikati. Akamtazama Mwalimu: hivi? Mwalimu akasema hivyo hivyo.

Basi akatunga ishara palepale, vumbi la mbao likiwa bado vidoleni. Mtu mkubwa anashuka, anaketi uso kwa uso na mdogo. Macho yake yanaitazama mikono ya mdogo, na hayaondoki, hayaondoki, mpaka mikono ile imeshuka yenyewe. Halafu viganja viwili vinalala sambamba, vinatafuta usawa, vinatulia. Hakimu anayetazama mikono mpaka imalize.

Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kudanganya ili kufurahisha, akaona ni wajibu wake kusema jambo moja zaidi. "Mwambie asidhani ni upole mtupu. Mashairi hayahaya yanasema moto unamtangulia. Wadhalimu wana kikombe chao cha kunywa mpaka machicha. Hatuwezi kuyaondoa."

"Moto siondoi," Nestori akajibu. "Damasi aogope kidogo."

Tulicheka sote. Kisha Mwalimu akamuuliza kama amekata rufaa. Nestori hakujua kwamba inawezekana; hakuna aliyemwambia. Tukatafuta avoka, yaani wakili, mama mmoja kijana mwenye moyo, akakuta muda bado upo. Akaomba mkalimani awepo, na jina langu likawekwa.

Sasa hapa nisikilizeni kama wanafunzi. Mkalimani mahakamani hana rafiki. Niliapa kutafsiri kila kitu, nikakaa mahali ambapo Nestori ananiona mimi na hakimu kwa mtazamo mmoja. Akisema "mi," nami nasema "mimi." Sisemi "yeye anasema." Kwa sauti yangu, mwanamke wa Buyenzi, nikasema, "Mimi nilifundishwa kazi na baba yangu katika karakana ile," na Damasi, mtu mnene mwenye koti lililombana, akanitazama kama vile nimemgombeza.

Aliyeongoza kikao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Kama wote, alianza kwa kunitazama mimi. "Muulize kama anaelewa kwa nini yuko hapa." Nikaomba ruhusa, nikasema, "Mheshimiwa, tafadhali muulize mwenyewe, ukimtazama yeye. Mimi nitafikisha." Aliniangalia juu ya miwani. Nilidhani nimevuka mpaka. Kisha akageuza kiti chake, akamkabili Nestori, akarudia swali. Baada ya muda kidogo akaagiza pazia lifunguliwe, kwa sababu kiza kilikuwa kinamzuia kuona mikono vizuri, ingawa mikono ile yeye haimwambii kitu. Avoka wa upande wa pili alipotaka kukatiza, akasema, "Bado anaongea. Mwache amalize."

Mikono ya Nestori ilianza kwa ishara fupifupi, karibu na kifua. Ilipofika mwisho ilikuwa imeenea mbele yake yote.

Majirani wa zamani walikuja wakasema walichokijua. Hukumu ikasomwa siku nyingine: parseli igawanywe, nyumba kwa Damasi, karakana na vyumba viwili vya nyuma kwa Nestori, ukuta upite katikati. Nilimfikishia sentensi kwa sentensi. Nilitegemea ataruka. Hakuruka. Tulitoka nje, akaketi kwenye ngazi za mahakama, akaniuliza, "Damasi amesema nini wakati alitoka?"

"Hakusema kitu."

"Muke wake ni mugonjwa," akasema. "Damasi alifikiri nikishinda nitawafukuza kwa nyumba. Mutu amuambie singewafukuza."

Nilimuuliza kama anataka niende mimi. Akafikiri, akasema hapana, bado.

Wiki ileile alirudi Rohero akasimama mbele ya kamera. Tulirekodi shairi lile la hukumu na mito tangu mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Mwalimu alikuwa na orodha ya mambo ya kusahihisha, lakini alipotazama vidiyo aliikunja akaitia mfukoni.

Zaburi zilipokamilika, makanisa yalikodi ukumbi mkubwa, Jumapili mchana, wakaalika viziwi wa mji wote. Walikuja kutoka kila kartiye, na watoto wao, na mimi nikaja na Mariamu, ambaye alivaa kanzu yake ya Idi. Kama hamjawahi kuingia katika ukumbi wa viziwi mia wakisalimiana, hamjaona kelele. Hakuna sauti, lakini macho yako hayana pa kupumzika. Nestori aliombwa asitazame vidiyo tu, bali asimame jukwaani atoe shairi moja yeye mwenyewe, na alichagua la hukumu.

Nilikuwa nimekaa nyuma nikifurahia kutokuwa na kazi. Mtu akaketi kiti cha pembeni yangu kwa uzito. Alikuwa Damasi, na koti lilelile. Sikujua aliambiwa na nani. Alitazama ukumbi mzima, mikono pande zote, watu wanacheka kwa mambo asiyoyajua, mtoto mmoja akamuuliza kitu kwa ishara, yeye akatikisa kichwa tu kukubali. Mtoto akaondoka ameridhika. Damasi akabaki anaangalia magoti yake.

"Mama," akaninong'oneza, "we ni yule wa tribinali."

"Ni mimi."

"Banasema nini hawa bote?"

"Wanasalimiana."

Nestori akapanda jukwaani. Ukumbi ukatulia, yaani mikono yote ikashuka. Damasi akanisogelea. "Uniambie anasema nini. Mi sielewi hata kimoja."

Nikafanya kazi yangu. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimekaa na asiyesikia mmoja katikati ya wanaosikia. Siku ile ilikuwa kinyume: nilinong'ona sikioni mwa mtu mzima anayesikia, aliyepotea kati ya viziwi. Nikamwambia bahari inavuma. Nikamwambia dunia na wote wakaao ndani yake. Nestori akashuka, akaketi uso kwa uso na mtu asiyeonekana, akaanza kutazama mikono ya mtu yule. Aliitazama muda mrefu. Ukumbi wote ukawa unaitazama naye.

"Hapo anasema nini?" Damasi akauliza.

"Hakimu amekuja. Anamtazama mtu mpaka amalize."

Damasi alipangusa uso kwa kiganja. Alisema, bila kunigeukia, "Mama, siku ile ya kwanza mi nilijua haelewi. Alipotikisa kichwa, nilijua." Yale hayakuwa maneno ya kutafsiri.

Jukwaani viganja viwili vikalala sambamba, vikatulia. Kisha ikawa zamu ya mito kupiga makofi. Sasa, viziwi hawapigi makofi kwa kugonganisha viganja. Kelele hiyo inamfaa nani? Wanainua mikono juu na kuitikisa, vidole vimetawanyika. Nestori aliinua yake. Mstari wa mbele ukainua, na wa pili, na wa tatu, ikaja mpaka kwetu nyuma, mikono mia mbili inacheza hewani pamoja, na Mariamu wangu amesimama kabisa. Mwalimu Ferdinandi alikuwa ukutani na mikono yake mirefu juu kama wengine.

"Wanafanya nini?" Damasi akauliza.

"Mito inapiga makofi," nikamwambia. "Imefurahi kwamba hakimu amekuja."

Alikaa vilevile mpaka mikono iliposhuka.

Watu walipoanza kutoka, alisimama karibu na mlango akimngoja ndugu yake. Nestori alimwona kwa mbali, akaja, akasimama mbele yake. Damasi akanigeukia mimi. "Mama, umuambie kwamba..."

Nilikunja mikono yangu kifuani. "Jaribu mwenyewe," nikasema.

Alinitazama kwa hasira, halafu kwa hofu. Akajigusa kifua: mimi. Akamwonyesha Nestori njia ya kupanda Gihosha. Akagonga ngumi hewani kama mtu anayepigilia misumari, au anayejenga ukuta, au pengine anayebisha hodi. Hata mimi na miaka yangu yote sikuwa na hakika. Kisha akataka kusema "kesho," na kwa kuwa alikuwa ameiona mahali fulani na hakuikumbuka vizuri, akatupa mkono nyuma ya bega. Nyuma ya bega ni jana; kesho iko mbele.

Mimi, nitakuja kwako, jana.

Nestori akatabasamu kwanza kwa pembe moja ya mdomo. Akamkaribia, akamshika kaka yake kifundo cha mkono, akautoa mkono ule mnene nyuma ya bega, akausogeza mbele, taratibu, mpaka ulipofika mahali pake.